Uhura angevaa kibao: katuni tatu za Star Trek sebuleni kwa Bibi, Mwembesongo

Najua nimepotea. Wiki tatu bila neno si kawaida yangu, na kuna mdau alinikamata pale stendi ya Msamvu akaniuliza kama nimeshahamia Dar. Sijahamia popote jamani, nipo palepale Mwembesongo, nyumbani kwa Bibi, kwenye kiti kilekile kinachotazama milima ya Uluguru. Kilichonipoteza ni katuni. Ndiyo, umesoma sawasawa... mtu mzima, na kitambulisho changu cha uandishi wa habari mfukoni, jioni nne kwa wiki nakaa sebuleni natazama katuni. Lakini usicheke kwanza, ngoja nikupe mkanda mzima.

Januari mwaka huu dada yangu alimshusha mwanawe kutoka Kinole, kule milimani kwenye ndizi na viungo, aje kuanza kidato cha kwanza hapa mjini. Nitamwita Dogo, jina lake halisi libaki lake. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba siyo mtu wa kuja sikukuu na pipi mfukoni. Mjomba anahesabiwa. Mtoto akifaulu wanakutazama wewe, akiharibikiwa wanakutazama wewe zaidi.

Dogo alikuja na sifa. Darasa la saba alikuwa miongoni mwa wa kwanza shuleni kwao, na mdomo anao, anasimulia hadithi mpaka Bibi anasahau mboga jikoni. Ikafika Machi, mwalimu wake akaniita. Akaniambia kwa upole kabisa: "Mjomba, huyu mtoto hana shida ya akili. Hafungui mdomo." Mnajua wenyewe utaratibu wetu: miaka saba ya msingi shule za serikali unasoma kwa Kiswahili, ukivuka kizingiti cha sekondari karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Ni kama mtu amekuhamisha nchi usiku ukiwa umelala.

Juu ya hilo shule yake (siitaji, wala si ya kwanza kufanya hivyo) ina kibao. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa shingoni, unatembea nacho mpaka umkamate mwenzako naye kateleza. Dogo alikivaa siku mbili mfululizo. Siku ya tatu akapata dawa: akanyamaza.

Sasa hapa ndipo ninapotakiwa kuona aibu, na naomba mnivumilie. Mimi, ninayekula kwa kuandika Kiswahili, niliporudi nyumbani siku ile nilitangaza sheria: kuanzia leo humu ndani ni Kiingereza tu. Nikaona nimefanya la maana. Bibi, ambaye Kiingereza chake kinaanzia na kuishia kwenye "good morning", aliniangalia tu, akaendelea kuchambua mchele. Na ili sheria yangu iwe tamu kidogo, nikamwomba mshkaji wangu mmoja mpenzi mkubwa wa sinema za anga za juu aniwekee katuni za Kiingereza kwenye flashi. Akanijazia Star Trek zote za katuni. Akasema, "Mtoto atajifunza lugha, na wewe utapata cha kuandika." Kweli nimepata, ila siyo nilichotarajia.

Kwa wasiojua, Star Trek ilianza kwenye televisheni ya Marekani Septemba 1966: chombo kinaitwa Enterprise, watu wa mataifa yote wanatembea kati ya nyota. Sisi Waswahili tuna sababu ya pekee ya kuitazama, nayo ni Luteni Uhura, ofisa mawasiliano wa chombo, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Mwenyewe alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, riwaya inayohusu Kenya ikielekea kujitawala. Gene Roddenberry, mwenye Star Trek yake, akalipenda lile neno, likalainishwa mwishoni likawa Uhura. Jina la kwanza, Nyota, lilikuja baadaye na kwenye sinema likasikika mwaka 2009. Nyota Uhura! Yaani nusu ya jina ni mbinguni na nusu ni Tisa Desemba.

Basi tukaanza na katuni ya kwanza kabisa, Star Trek: The Animated Series. Ilitengenezwa na kampuni ya Filmation, ikaonyeshwa kuanzia Septemba 1973 hadi Oktoba 1974, sehemu 22 tu. Nitasema ukweli: kwa macho ya mtoto wa leo, hii katuni imelala. Sura hazichezi, midomo ndiyo inayotikisika, na picha moja ya Kapteni Kirk akigeuka utaiona tena na tena mpaka uizoee kama bango la soda. Filmation walikuwa wanabana matumizi, wakichora mara moja na kutumia mara kumi. Dogo alitazama dakika tano akaniuliza (kwa Kiingereza, maana sheria ni sheria) "Why not move?"

Lakini ina mambo yake. Penseli haijui gharama ya vipodozi wala mavazi, kwa hiyo waliweza kumweka Arex, rubani mwenye mikono mitatu na miguu mitatu, na M'Ress, ofisa mwenye sura ya paka, ambao kwenye tamthilia ya watu halisi ya wakati ule wangewamalizia bajeti. Na hadithi zenyewe zimeandikwa na watu wazima kwa heshima. Sehemu ya Yesteryear, ya mwandishi D.C. Fontana, inamrudisha Spock utotoni kwake, mtoto wa baba wa Vulcan na mama wa duniani asiyejua yeye ni wa wapi, na ina kifo cha mnyama wake mpenzi. Katuni ya asubuhi ya watoto, mwaka 1973, na mnyama anakufa kweli. Na kwenye The Lorelei Signal wanaume wote wakubwa wa chombo wanapumbazwa, ndipo Uhura anapokamata usukani wa Enterprise na kuamuru. Kwenye miaka mitatu ya tamthilia ya awali hakuwahi kupewa nafasi hiyo. Katuni ndiyo iliyompa.

Na kuna kisa nyuma ya pazia ambacho nilimsimulia Dogo. Mwanzoni Filmation hawakutaka kuwachukua waigizaji wote wa zamani, ili kuokoa hela. Nichelle Nichols na George Takei, yule Sulu mwenye asili ya Japani, walikuwa wameachwa nje, sauti zao zifanywe na wengine. Leonard Nimoy, yaani Spock mwenyewe, akasema kama hao wawili hawamo na yeye hayumo. Wakaingizwa. Walter Koenig, yule Chekov, hakupata nafasi ya sauti, ingawa aliandika sehemu mojawapo. Nilimaliza kumsimulia, Dogo akakaa kimya, mimi nikadhani hajaelewa Kiingereza changu.

Katuni ya pili ni Lower Decks. Hii ni ya juzi, 2020 hadi 2024, misimu mitano, sehemu 50. Hapa picha zinakimbia kama treni ya umeme, utani juu ya utani, na aliyeianzisha, Mike McMahan, alitokea kwenye Rick and Morty, kwa hiyo mnajua lugha ya mle. Nilizima haraka Bibi alipoingia na chai! Hii niliitazama peke yangu usiku, na nawaambia wadau, imenikalia moyoni kuliko nilivyotegemea.

Kwa nini? Kwa sababu inahusu watu wa chini. Chombo chao, Cerritos, siyo cha mashujaa. Enterprise ndiyo inayokwenda kukutana na sayari mpya kwa mara ya kwanza, wanapigwa picha, wanasifiwa. Cerritos kazi yake ni kukutana kwa mara ya PILI: kupeleka vifaa, kusaini makaratasi, kuangalia kama jina la sayari limeandikwa sawasawa. Vijana wanne, Mariner, Boimler, Tendi na Rutherford, wanalala kwenye vitanda vya ukutani koridoni. Jamani, huyo si mwandishi wa mkoani? Mkubwa akija kuzindua kisima, wenzetu wa Dar wanakuja na msafara, wanapiga picha maji yanaruka, jioni wapo hewani. Sisi tunaolipwa kwa stori ndio tunaorudi miezi sita baadaye kuona kama bomba bado linatoa maji. Mara nyingi hiyo ya pili haipati ukurasa wa mbele. Lakini habari yenyewe ni hiyo ya pili.

Tena mle ndani kapteni ni mwanamke mweusi, Carol Freeman, na Mariner mkorofi ni binti yake wa kumzaa, siri ambayo mwanzoni chombo kizima hakiijui. Mwaka 2023 Mariner na Boimler walitolewa kwenye katuni wakaingizwa na miili yao kwenye tamthilia ya watu halisi, Strange New Worlds, kwenye sehemu iitwayo Those Old Scientists. Huko wakakutana na Uhura akiwa kijana, na Mariner, asiyeogopa mtu, akababaika mbele yake kama shabiki aliyemwona msanii wake. Kwenye tamthilia hiyohiyo Uhura anasema amekulia Kenya. Jirani kabisa!

Kasoro ya Lower Decks ni moja: inawacheka wanaoijua Star Trek tayari. Nusu ya utani ni kumbukumbu za tamthilia za nyuma. Usipokuwa wa nyumbani, unakaa pale kama mgeni kwenye utani wa shemeji, unacheka kwa adabu bila kujua kilichosemwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye ya tatu, Prodigy, iliyoanza 2021, kazi ya ndugu wawili Kevin na Dan Hageman. Hii imechorwa kwa kompyuta, ina kina, mwanga wake unakaribia sinema. Ni katuni iliyolenga watoto moja kwa moja, na kwa wenye mali ilionekana haifai: Juni 2023 Paramount waliikatisha na kuiondoa kabisa kwenye huduma yao ya intaneti, ingawa msimu wa pili ulikuwa unaendelea kutengenezwa. Wapenzi wake wakapiga kelele, Netflix wakaichukua, na Julai 2024 zile sehemu 20 za pili zikatoka. Sehemu 40 jumla, na zilinusurika.

Sikilizeni inavyoanza. Kuna gereza la machimbo, Tars Lamora. Wafungwa wa kila aina wanachimba madini, na wengi ni watoto. Bwana wa machimbo, wanamwita Diviner, hatumii minyororo mingi. Amewanyima kitu kimoja tu: mashine ya kutafsiri. Kila mmoja ana lugha yake, hakuna anayemwelewa jirani yake, kwa hiyo hawawezi kupanga lolote pamoja. Mwenye kuelewa lugha zote ni binti wa bwana huyo, Gwyn, na yeye anatafsiri amri tu. Dal, kijana mkorofi mwenye ngozi ya zambarau, anapelekwa kuchimba na jitu la mawe liitwalo Rok-Tahk. Likisema linanguruma, kila mtu anaogopa. Kisha wanavumbua chombo kilichofukiwa ardhini, Protostar. Wanaingia, mitambo inawaka, mashine ya kutafsiri inafanya kazi... na lile jitu linafungua mdomo, na sauti inayotoka ni ya mtoto wa kike. Ni msichana wa miaka minane. Siku zote alikuwa anaongea kama mtoto, ila wenzake walisikia ngurumo.

Dogo aliruka kwenye kochi. Akasahau sheria, akasahau kibao, akapiga kelele: "Mjomba! Kumbe alikuwa anaogopa tu! Kumbe walimnyima kusikiwa!" Kisha akakumbuka. Akaziba mdomo kwa mkono. Akaniangalia mimi.

Wadau, nimewahi kuangaliwa vibaya na wakubwa kwenye mikutano ya waandishi wa habari. Hakuna jicho lililonichoma kama lile. Mtoto alikuwa ananitazama kuona kama nitamuadhibu. Na Bibi pembeni, na kikombe chake, wiki nzima hajaongea na mjukuu wake zaidi ya "njoo ule", kwa sababu mimi nilimnyang'anya lugha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilijiona nimekuwa Diviner wa Mwembesongo, na shahada yangu.

Nikasimamisha katuni. Nikasema, "Sheria imefutwa. Mweleze Bibi kinachoendelea."

Hapo sasa mngekuwepo! Dogo alisimama mbele ya kompyuta akageuka Lufufu. Wale wa umri wangu mnamkumbuka Lufufu na kanda zake za kutafsiri sinema, wale tuliokua kwenye vibanda vya video tunakodoa macho kwenye televisheni moja watu arobaini. Mzee yule hakuwa anatafsiri neno kwa neno, alikuwa anaichukua sinema na kuihamishia kwetu. Ndivyo alivyofanya Dogo. Murf, yule kiumbe laini kama uji, akawa "konokono asiye na nyumba". Zero, asiyeonekana mwili kwa sababu ukimwona unapata wazimu, akaelezwa kwa Bibi kama kitu cha msituni ambacho wazee hawataji jina usiku. Bibi akaitikia, akauliza, akachomeka Kiluguru chake, Dogo akamjibu kwa Kiluguru, mimi mjomba mwenye mji nikabaki na mate tu, Kiluguru changu kimejaa mashimo. Na jambo la ajabu: kila Bibi alipouliza "kasemaje huyo?", Dogo alilazimika kurudi kusikiliza Kiingereza kwa makini ili asimdanganye. Kwa jioni ile moja alisikiliza Kiingereza kuliko katika wiki zote za sheria yangu.

Tumeendelea hivyo. Tulipofika sehemu ya Kobayashi, ambako Dal anafanya mazoezi ya ukapteni na sanamu za mwanga za mashujaa wa zamani, sauti ya Uhura ikasikika. Ni sauti ya Nichelle Nichols mwenyewe, imechukuliwa kwenye rekodi za kale. Sehemu ile ilitoka Januari 2022, naye alifariki Julai mwaka huohuo akiwa na miaka 89. Dogo akaniuliza kama Uhura alijua kweli Kiswahili. Nikamtafutia sehemu ya mwaka 1967, The Changeling: mtambo umemfuta Uhura kumbukumbu yote, anafundishwa upya kusoma Kiingereza kama mtoto wa chekechea. Anakwama kwenye neno, anakasirika, na kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Muuguzi anamrudisha kwenye Kiingereza.

Dogo akacheka, kisha akanyamaza. Halafu akasema: "Mjomba, Uhura angesoma kwetu, angevaa kibao."

Nimeandika habari miaka sita, sijawahi kupata kichwa cha habari kama hicho.

Basi hukumu yangu kama mlivyonizoea. Ile ya 1973 itazameni kwa heshima, ina picha mbovu na moyo mkubwa, na ina fundisho la Nimoy: mwenye sauti ndiye anayeweza kukataa mpaka na mwenzake asikike. Lower Decks ni yetu sisi wa vyeo vya chini, lakini mlaze mtoto kwanza. Prodigy ndiyo namba moja kwangu. Siyo kwa uzuri wa picha tu, bali kwa sababu ni hiyo kati ya tatu isiyomtaka mtazamaji awe mwenyeji kabla ya kuingia. Inamchukua mtoto wa nje, haijui anatoka wapi, inamwambia kiti hiki hapa kaa. Kama mngependa kuanza Star Trek leo, anzeni nayo.

Simpingi Kiingereza, msije mkanielewa vibaya. Dogo anakihitaji, mitihani yake mingi ijayo ni hicho, na mashine ya kutafsiri ya Protostar hatuna. Ila kile nilichokiona sebuleni ni kwamba mtoto alivuka kwenda Kiingereza akiwa amesimama juu ya Kiswahili, na Kiluguru chini yake. Nilipomwondolea alipokanyaga hakuvuka, alizama.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona mwalimu wake. Sikwenda kama mwandishi, nilikwenda kama mjomba. Tuliongea kirefu, na kwa Kiswahili. Kibao bado kipo, hilo sitawadanganya, lakini amekubali ndani ya kipindi chake mtoto akikwama aulize kwa Kiswahili kisha ajibu kwa Kiingereza. Jaribio la Biolojia la mwezi jana Dogo alipata 29. La juzi amepata 44. Siyo ushindi, hata Bibi kasema siyo ushindi. Lakini mwalimu kaniambia amenyoosha mkono mara mbili.

Usiku huu tuna sehemu nne za Prodigy zimebaki. Bibi ameshaweka maji ya chai na ameuliza kama yule mtoto wa mawe atampata mama yake. Dogo amekataa kumwambia, eti asubiri. Ngoja niwahi kiti changu.

Alamsiki.